Walioanguka Kutoka Juu

Ndege ndogo za abiria zikija Kilindoni hazihitaji kupigiwa mbiu. Mlio wake husikika zingali mbali, juu ya bahari, na watoto wa mtaani kwetu huacha walichoshika wakakimbilia uwanjani. Uwanja wenyewe uko mjini kabisa. Ukitoka sokoni na kashata mkononi unafika kabla hujaimaliza. Hata wazee huinua shingo. Ni mtu mmoja tu ninayemfahamu mimi ambaye hainui macho, naye ni baba yangu. Yeye hukaa barazani na nyavu zake, anashona, anafunga fundo, na ndege ikipita juu ya paa husema tu, "Haya, imefika," kama anayemjibu mtu.

Nimekua nikidhani mzee hapendi ndege. Kumbe sivyo. Asichopenda ni kutazama juu. Hayo nitayafikia, ndugu msomaji, usiwe na pupa.

Kisa kilianzia Dar, kijiweni. Mshikaji wangu mmoja, naye mwandishi chipukizi kama sisi wote humu, alikuwa anaandika habari za babu yake aliyekuwa keya, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Jamaa alikuwa amechimba kweli. Alitusimulia habari za Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, jinsi ilivyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na tope, barabara hazipitiki, malaria huku na risasi kule. Akatueleza jinsi majeruhi walivyobebwa kwa machela mpaka penye uwanja uliofyekwa, wakapakiwa kwenye ndege wakapelekwa hospitali za nyuma. Akatueleza na habari za marubani waliodondoka msituni, nani aliwaokota, nani aliwafunga majeraha. Sote kimya, chai zinapoa.

Alipomaliza akanigeukia mie. "Na nyie kwenu Mafia mna nini? Papa potwe tu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini yalinikaa rohoni. Si unajua mambo ya kijiweni, mtu akikuchoma kwa mzaha ndiyo inauma zaidi. Nikasema moyoni, ngoja. Nilipata kusikia kwa Bibi, mama yake baba, habari za ndege na vita. Nikaanza kutafuta.

Nilianzia Maktaba Kuu ya Taifa, nikaendelea kwenye simu mpaka bando likaisha, nikarudi tena kwenye vitabu. Na nilichokipata, wallahi, nilitamani nikimbie nacho kijiweni usiku uleule. Hayo ya Burma aliyotusimulia yalikuwa ya mwaka 1944. Kwetu sisi ndege za kivita zilifika 1914, wakati hata huko Ulaya rubani alikuwa bado kiumbe cha kushangaza.

Ilikuwa hivi. Wajerumani walikuwa na meli yao ya kivita, Königsberg. Watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, kwa sababu ya dohani zake. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia meli ya Waingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga Unguja, ikaizamisha. Ukienda leo kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, utaona makaburi ya mabaharia wake. Baada ya hapo manowari ikaingia kujificha kwenye midomo ya mto Rufiji, ng'ambo yetu tu, ndani ya mikoko. Waingereza wakajua imo humo, lakini imo wapi? Mikoko ile inamchanganya hata mvuvi aliyezaliwa humo. Meli zao kubwa haziwezi kuingia, maji ni haba. Ikabidi watafute jicho la kutazama kutoka juu.

Jicho la kwanza lilikuwa la raia, jina lake Dennis Cutler, aliyekodiwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Wakamweka kisiwa cha Nyororo. Mambo yakaanza vibaya. Jua letu liliyeyusha gundi, mbao zikaachana. Rejeta ya injini ikaharibika, ikabidi meli itumwe mpaka Mombasa kutafuta nyingine, wakaing'oa kwenye gari aina ya Ford! Fikiria mwenyewe. Safari yake ya kwanza, Novemba 1914, alipotea njia akatua kwenye kisiwa kidogo, wakamkuta huko. Lakini aliiona manowari, na hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Tarehe 10 Desemba injini ikamfia juu ya Rufiji, akashuka mtoni, akakamatwa na Wajerumani. Wenzake wakaingia na boti kumtafuta chini ya risasi. Walichofanikiwa kukivuta ni ndege. Mtu akabaki. Cutler alikaa mfungwa mpaka mwaka 1917.

Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Wajerumani waliokuwa hapa walikuwa wachache na askari wao, wakapambana kidogo karibu na Ngombeni, wakaisha. Kisiwa kikageuzwa kituo. Zikaletwa ndege nyingine za majini, nazo jua likazifanyia yaleyale, mpaka rubani mmoja, John Cull, alipofanikiwa mwezi wa Aprili kupita chini chini juu ya manowari na kuipiga picha huku anapigwa risasi. Kisha zikaletwa ndege za magurudumu, zikafyekewa pa kutua hapahapa kisiwani. Juni wakaleta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Hizo sasa zingeweza kuingia Rufiji. Kasoro yake ni kwamba wapiga mizinga wasingeiona shabaha yao, mikoko ilikuwa katikati. Mtu wa kwenye ndege ndiye angewaambia kwa redio ya mdundo: fupi, ndefu, kushoto, kulia.

Tarehe 6 Julai walijaribu wakashindwa. Kombora la Königsberg liliangukia kwenye mzinga wa Mersey, wakafa watu sita. Tarehe 11 wakarudi. Juu alikuwa Cull, na aliyekaa na redio ni kijana mwenzake, Harwood Arnold. Wakati Severn inaanza kupata shabaha, ndege yao ikapigwa na vipande vya kombora. Injini ikaanza kufa. Arnold akatuma ujumbe kwamba wamepigwa, waletewe boti. Halafu, sikiliza hapa, wakati ndege inashuka bila nguvu, yeye akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Mizinga ikaipata manowari sawasawa. Ndege ikafika majini karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold akarushwa nje. Cull alikuwa amesahau kufungua mkanda, akazama nao, akajifungua chini ya maji akaibuka. Boti ya Mersey ikawaokota wote wawili wazima. Mchana uleule nahodha wa Königsberg, Max Looff, akiwa majeruhi, aliamuru meli yake ivunjwe. Cull na Arnold walipewa nishani.

Jamani, si stori hiyo? Nilichukua likizo nikapanda kivuko cha Nyamisati nikaja nyumbani na daftari limejaa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika, na mwanzo ulikuwa mzuri, wenye mbwembwe: "Anga ya Rufiji ilinguruma..." Unaujua mwanzo wa namna hiyo. Wote tumewahi kuuandika.

Usiku wa kwanza nikamsomea Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, ametafuna tambuu, macho ameyafumba. Kisha akauliza, "Mume wangu, na baba yangu yuko ukurasa wa ngapi?"

"Baba yako, Bibi?"

"Baba yangu. Alikuwa kijana hajaoa. Waliitwa, kata vichaka, ng'oa visiki, ndege ipate pa kutua. Si umesema hapo, pamefyekwa. Pamefyekwa na nani?"

Nikatazama nilichoandika. "Zikafyekewa pa kutua." Kweli kabisa. Nilikuwa nimeandika kana kwamba pori lilijifyeka lenyewe.

"Walimlipa?" nikauliza.

"Mie sijui habari ya malipo. Najua alirudi na homa, na homa ile ikawa inamrudia kila mwaka mpaka nami nimeiona kwa macho yangu. Mama alikuwa anamfunika magunia na bado anatetemeka."

Nililala vibaya siku ile. Nilirudia vitabu vyangu vyote ndani ya kichwa. Vinajua Cull alisahau mkanda. Vinajua rejeta ilitoka kwenye Ford. Vinajua hata dawa: jinsi Wajerumani walivyotengeneza kwinini kwa magome ya miti kule Amani, Usambara, na baadaye porini wakachemsha magome wakanywa maji yake machungu wakayaita pombe ya jenerali wao, Lettow. Vinasema katika vita ile maradhi yaliua kuliko risasi. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kufika 95,000, na jina la kikosi chao ndilo hilo tunalolitaja kila tukienda kununua mitumba: Kariakoo. Lakini ukitafuta mpagazi mmoja, mwenye jina, mwenye homa yake, mwenye mke wa kumfunika magunia, unapekua mpaka vidole vinaisha.

Asubuhi nikamwendea baba barazani. Nilimwamkia, nikakaa, nikamsomea na yeye. Alikuwa anashona, hakusimamisha mkono. Nilipofika pale pa mkanda ndipo alipotua.

"Ule mkanda, aliufungua mwenyewe?"

"Mwenyewe, ndani ya maji."

"Basi huyo mwanamume." Akaendelea kushona. Baadaye kidogo akasema, bila kunitazama, "Anayeanguka na ndege anaandikwa. Anayeanguka na nazi anachekwa."

Sasa nifafanue, maana wewe wa mjini pengine hujui. Mafia ni minazi. Kabla ya watalii na kabla ya papa potwe kupigwa picha, ilikuwa minazi. Na minazi haiangushi nazi kwa kuombwa, anapanda mkwezi. Anapita shamba hadi shamba, analipwa kwa hesabu ya mti. Hana kofia ya chuma, hana mkanda wa kusahau kuufungua. Ana kamba na panga, na vile vidato vilivyochongwa kwenye shina, kimoja juu ya kingine, vya kukanyagia. Baba alikuwa mkwezi. Machi 2010 alianguka.

Mimi siku ile nilikuwa shule. Nilirudi nikakuta uani kumejaa watu, na toka hapo mpaka leo nilichokijua ni maneno manne: baba alianguka kutoka mnazini. Hatukuwahi kuulizana. Alirudi kutoka Dar baada ya miezi minne, na fimbo, na nyonga isiyokunja, akakaa barazani, akaanza kushona nyavu za watu. Nami nikakua. Watani wake walimwita rubani, naye alikuwa akicheka nao. Leo ndiyo nashangaa tulivyoweza kucheka.

Nikafungua ukurasa mpya. Sikujua niulize vipi, nikaamua kuuliza kama vile vitabu vinavyojibu. Saa ngapi? Mti upi? Urefu gani? Hali ya hewa je?

Alijibu kimoja kimoja, kama mtu aliyekuwa ameyapanga siku nyingi. Saa mbili na ushei asubuhi. Mnazi wa tatu siku ile, mrefu, umepinda kidogo kuelekea baharini. Alianguka ubavu, akasikia mlio ndani ya mwili kabla ya kusikia maumivu. Alikuwa na akili zake zote. Alimwona kunguru kwenye kuti la mnazi uleule, anamtazama. Toka siku hiyo, akasema, akitazama juu anasikia kama ardhi inamkimbia mgongoni.

Watu sita walimbeba juu ya kitanda cha kamba. Hospitalini wakamfunga mbao, wakampa sindano ya maumivu, wakasema mfupa huu ni wa Dar. Gati wakati ule lilikuwa halijajengwa. Wakampeleka pwani, maji yamekupwa, chombo kimekaa kwenye mchanga, ikabidi wangoje. Mtu mmoja alisimama saa zote akimkinga jua kwa kanga ya mama. Maji yalipoanza kujaa waliingia baharini mpaka kifuani, kitanda mabegani, wakampakia. Usiku kucha baharini, na asubuhi gari la mizigo. Kila shimo la barabara analikumbuka.

"Hapo ungekuwa na ndege," akasema, akacheka kidogo.

Nilikuwa naandika mbio mbio. Nikamuuliza swali lililokuwa limebaki kwenye orodha yangu. "Mvua ilikuwa imenyesha?"

"Ilinyesha usiku."

"Shina limelowa?"

"Limelowa."

"Sasa baba, wewe ni mkwezi wa miaka yote hiyo. Mti umelowa, kwa nini ulipanda?"

Mkono ukasimama. Akatafuta uzi, na uzi ulikuwa mkononi mwake. Aliyejibu ni mama, kutoka ndani, anapepeta mchele, wala hakupaza sauti.

"Si ilikuwa Ijumaa. Na Jumatatu wenye deni la ada walikuwa wanarudishwa nyumbani."

Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Nilikuwa kidato cha kwanza.

Msomaji, sitakudanganya kwamba nilisema neno la maana. Niliinama nikaliangalia daftari. Lugha yetu hii, sijui nani aliamua, hatua za kupandia mnazi na hatua za kupandia shule ikaziita jina moja. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni, nikalijaza kwenye fomu za kila aina, na sikuwahi hata siku moja kulisikia.

Mama akatoka na ungo, akaketi. Baba akasema, "Mwache mtoto aandike." Nikaandika.

Siku zilizofuata nilizunguka Kilindoni kuwatafuta wale sita. Wawili wameshafariki. Mmoja anauza samaki sokoni, alinionyesha bega lake, eti mguu wa kitanda ulimwachia alama, na kweli ipo. Majina yao nimeyaandika daftarini, pamoja na la aliyekinga jua. Hapa sitayachapa kwa sababu sikuwaomba ruhusa hiyo, lakini yapo, kwa wino, na tarehe. Babu mzaa bibi naye yupo, na homa yake. Wenzake waliofyeka naye nimekosa hata mmoja. Nimechelewa kwa miaka mia na zaidi.

Wale marubani sijawafuta. Kijiweni kuna mwenzetu anayesema niwatupe, hao ni wakoloni, watajiandika wenyewe. Mimi nimewaacha. Arnold anaanguka huku bado anawaambia wenzake wapige wapi. Mambo hayo siwezi kuyaonea wivu wala kuyadharau. Ninachosema ni kwamba waliandikwa kwa sababu mtu alikuwa na karatasi siku ileile na akaona inafaa. Basi nawe mwenye kalamu, kabla hujakwenda Burma, pita barazani kwenu kwanza. Uliza saa ngapi, uliza kama kulikuwa kumenyesha. Ila jiandae, maana jibu laweza kuwa na jina lako ndani.

Siku ya kuondoka nilimsomea baba haya niliyoandika, mbwembwe nimeondoa. Mlio ukasikika upande wa baharini, watoto wakapita mbio. Alingoja utulie.

"Umeandika kwamba shina lilikuwa limelowa?"

"Nimeandika."

"Basi andika na hili. Nazi nilikuwa nimeshaziangua. Ishirini na mbili, nilizihesabu nikiwa juu. Nilianguka wakati wa kushuka." Akavuta uzi, akakata kwa meno. "Na mwenye shamba alilipa."